Kahawa ya Pasha: siku tano Marrakech na Shangazi

Siku ya kwanza, Jumapili

Treni kutoka Casablanca ilichukua saa tatu kasoro, na muda wote huo Shangazi alisinzia mara moja tu. Saa zilizobaki alikaa dirishani akihesabu kondoo na kushangaa vipi watu wanaishi kwenye nchi isiyo na mnazi hata mmoja. Mombasa, Nairobi, Cairo, Casablanca: hiyo sehemu siisimulii. Viwanja vya ndege ni vile vile, na viti vyake vigumu ni vile vile.

Safari hii ni yake, mimi ni mbeba mabegi. Babu, yaani baba yake, aliuza kahawa Mji wa Kale, Mombasa, kwa zaidi ya miaka arobaini, dele, lile birika la kahawa, mkono mmoja na vikombe mkono wa pili. Shangazi amekulia kwenye moshi wa makaa na harufu ya tangawizi, na mpaka leo hakuna kahawa ya mtu inayompendeza. Mwaka jana binti yake anayefanya kazi Dubai alimletea mkebe wa kahawa, rangi ya machungwa na nakshi za dhahabu, umeandikwa 1910 na Marrakech. Akapika, akanywa, akanyamaza kimya. Kisha akauliza, "Mahali hapo papo kweli, au ni picha tu ya mkebeni?"

Nikamwonyesha kwenye simu. Ni jumba la Pasha wa zamani, yaani liwali wa mji, sasa ni makumbusho, na ndani yake mna mkahawa. Hapo nikawa nimejifunga mwenyewe. Mimi ni mwalimu, Novemba shule zimefungwa, kisingizio sina.

Jioni tulitoka hadi uwanja wa Jemaa el-Fnaa. Moshi wa nyama, ngoma, wanawake wa hina, wazee wanaosimulia visa mbele ya duara la watu. UNESCO iliutangaza uwanja huu urithi wa masimulizi mwaka 2001, na ukikaa hapo robo saa unaelewa kwa nini. Shangazi alikaa dakika tano, kisha akasema baridi inamwingia magotini. Tukaingia mkahawa mdogo wa pembeni, wa wanaume wanaotazama mpira. Mhudumu akauliza jambo nisilolielewa, nikamsikia jirani akiagiza "nus-nus". Nikasema na mimi hivyo hivyo. Zikaja gilasi mbili, kahawa nusu, maziwa nusu.

"Nusu-nusu!" Shangazi akacheka hadi akashika meza. "Kumbe watu hawa ni wetu."

Akanywa. "Kahawa yao haina tangawizi," akaongeza, kama hakimu anayeandika jambo la kwanza kwenye faili.

Siku ya pili, Jumatatu

Leo nimeadhirika, na niandike kabla Shangazi hajawapigia simu wa nyumbani.

Jumba lenyewe linaitwa Dar el Bacha. Dar ni ile ile ya Dar es Salaam, makao. Bacha ni Pasha, kwa vile Kiarabu hakina herufi P. Nasi tunalo neno basha, ila kwetu limeshakuwa na maana isiyotamkwa mbele ya wakwe, kwa hiyo humu nitaandika Pasha tu.

Tuliondoka saa tatu asubuhi, tukapita vichochoro vya medina, mji wa kale, vyenye kuta za rangi ya udongo mwekundu, pikipiki zikitupitia kwenye ubavu. Kabla hatujafika, kijana mmoja aliyeketi kwenye baiskeli akatupungia mkono: "Msdud! Dar el Bacha, msdud!"

Shangazi alisoma chuoni utotoni na Kiarabu cha msahafu hakijamtoka. "Asema pamezibwa," akaniambia.

Nikacheka kwa kiburi cha mtu aliyesoma maonyo ya wasafiri. Kila mgeni wa Marrakech huambiwa: kijana akikwambia mahali pamefungwa, ujue anataka akupeleke kwenye duka la mjomba wake la mazulia, au kule wanakolainisha ngozi. Nikamshika Shangazi mkono nikapita bila kugeuka. Kijana akapiga kelele tena, safari hii kwa huruma. Nikaongeza mwendo.

Mlango ulikuwa umefungwa. Jumatatu makumbusho haya hayafunguliwi, na liko wazi hilo kwa yeyote atakayejisumbua kuangalia. Mimi nilikuwa nimeangalia bei ya treni, hali ya hewa na namna ya kupata viza, siku za kufunga sikuangalia.

Tuliporudi kijana alikuwa pale pale. Hakucheka. Alisema neno moja tu, "Ghedda," kesho. Shangazi akafungua mkoba, akampa kashata mbili za nazi alizotoka nazo Mombasa, akanigeukia: "Kijana mkweli huyu. Wewe ndiye uliyefungwa."

Siku iliyobaki ilikuja kuwa nzuri kwa bahati. Kwenye mlango wa riadi moja, zile nyumba zinazozunguka bustani ya ndani, mafundi wawili walikuwa wanatengeneza chemchemi ya ukutani. Mzee alikaa chini miguu ameikunja, mbele yake jiwe, mkononi nyundo nzito yenye ncha kali. Anachukua kigae cha udongo kilichopakwa rangi na kuchomwa, anakigonga pembeni, tik, tik, tik, mpaka kinatoka kinyota kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Hapimi. Kinyota kikitoka vibaya anakitupa nyuma bila kukitazama, na nyuma yake palikuwa na lundo. Hiyo ndiyo zellij. Vipande hupangwa chini, uso wenye rangi ukitazama ardhi, halafu humwagiwa plasta kwa mgongoni. Maana yake fundi anapanga picha nzima bila kuiona, anaijua kwa umbo la kila kipande. Ikiinuliwa ndipo inajulikana kama amekosea.

Kijana wake alimwita mzee "maalem". Nikamuuliza maana yake, akasema ni fundi mkuu, mwenye kujua. Ni neno lile lile lililotupa sisi "mwalimu". Nikamwambia kwamba hata mimi ni maalem, wa jiografia. Mzee akanitazama mikono, akanipa kinyota kimoja kilichovunjika ncha.

Siku ya tatu, Jumanne

Mlango wa Dar el Bacha haukuambii kitu. Ukuta mrefu wa udongo mwekundu, dirisha hakuna, baraza hakuna. Shangazi alisimama akautazama juu chini. "Nyumba ya mkubwa isiyo na baraza," akasema. "Sasa hapa watu walikuwa wakikaa wapi?"

Nililichukulia kuwa swali la kizee. Baadaye likanifuata siku nzima.

Unakata tikiti, unapita kwenye njia inayopinda ili wa nje asione ndani, halafu ghafla unatokea kwenye mwanga. Uwanja mpana, michungwa imepandwa kwenye vitalu, katikati chemchemi, na pande zote nguzo na milango mirefu ya mbao. Machungwa yenyewe ni machungu, yale ya kutengenezea maji ya maua na mambo ya jikoni. Nilimzuia Shangazi asichume.

Yeye huanza kutazama chini. Anasema ukitaka kumjua mwenye nyumba tazama sakafu, sebule itakudanganya. Basi tukaanza chini: zellij ya kijani, nyeupe, buluu na njano ya asali, nyota ndani ya nyota, zinapanda ukutani hadi usawa wa kifua. Juu yake inaanza plasta iliyochongwa ikiwa mbichi, matundu madogo madogo kama lesi ya kofia ya vito. Juu zaidi ni mbao za mwerezi kutoka milima ya Atlasi, zimechorwa maua kwa rangi ambazo bado zinang'aa. Ni ujenzi wa Kiandalusia, ule ambao Wazungu huuita wa Wamoro. Granada, huko Hispania ya Waislamu, ilipoanguka mwaka 1492 wengi walivuka bahari kuja huku na ufundi wao mikononi, na Moroko ikauendeleza mpaka leo.

Nilimkumbusha zidaka za Lamu, vile vishubaka vya chokaa vilivyochongwa kwenye kuta za nyumba za kale. "Zetu ni nyeupe," akasema. "Hawa hawakubakisha pa kupumzisha jicho." Sikubaliani naye. Mimi niliona jicho linapumzika vizuri tu, mradi usimame mahali pamoja usizungukezunguke kama wale waliokuja kupiga picha. Palikuwa na msichana aliyebadilisha kilemba mara tatu mbele ya mlango mmoja. Tulimpisha, naye akatupisha, maisha yakaendelea.

Mwenye jumba alikuwa Thami El Glaoui. Alizaliwa 1879 kwa watu wa Glaoua, Waamazigh (Waberberi) wa milimani, na jumba hili likajengwa 1910. Miaka miwili baadaye Wafaransa wakaifanya Moroko kuwa nchi ya himaya yao, naye, akiwa Pasha wa Marrakech, akawa mshirika wao mkubwa kusini. Sultani alikaa Rabat, lakini huku milimani aliyetajwa kwa woga alikuwa Pasha. Waliokuja kula kwake ni wengi: Churchill, Charlie Chaplin, Josephine Baker. Wageni walimwita Bwana wa Atlasi. Wakulima waliomlipa kodi sijui walimwitaje, lakini nadhani si hivyo.

Mwaka 1953 aliungana na Wafaransa kumwondoa Sultani Mohammed wa Tano, aliyepelekwa uhamishoni Corsica, kisha Madagaska. Nchi ikawaka. Miaka miwili baadaye upepo ukageuka, na Novemba 1955 mzee huyo, ambaye watu walikuwa wakimpigia magoti, akaenda Ufaransa kumpigia magoti Sultani yule yule na kuomba radhi. Akasamehewa. Januari 1956 akafa kwa saratani, na Machi nchi ikapata uhuru wake. Mali yake ikachukuliwa na serikali. Leo jumba liko chini ya taasisi ya taifa ya makumbusho, na linaitwa Makumbusho ya Makutano, kwa sababu wanaonyesha humo vitu vya tamaduni na dini zilizokutana katika nchi hii.

Vyumba vya maonyesho tulivipita haraka, nakiri. Shangazi hana subira na kabati za kioo. Alichokipenda ni hamamu, bafu la mvuke la wenye nyumba. Aliweka kiganja ukutani akasema, "Hii ni chokaa, lakini laini kama ngozi ya mtoto." Inaitwa tadelakt. Ni chokaa ya hapa hapa Marrakech, husuguliwa kwa jiwe laini kisha hupakwa sabuni nyeusi ya zeituni mpaka maji hayapenyi. Nilimwambia kwetu tulichoma matumbawe kupata chokaa. Akanijibu anajua, na kwamba mimi ndiye niliyejua juzi.

Halafu mkahawa. Uko humo humo ndani, bila tikiti ya makumbusho huufikii. Na mlangoni foleni. Unaandikisha jina, unangoja uitwe. Ilikuwa saa saba mchana na jina letu lilikuwa chini sana kwenye karatasi. Tukakaa kwenye ukingo wa kitalu cha michungwa, pamoja na Wafaransa, Wakorea na familia moja ya Casablanca yenye mtoto aliyetaka kuogelea kwenye chemchemi.

Saa moja ikapita. Shangazi akanisogelea.

"Nimepata jibu. Hapa ndipo walipokuwa wakikaa."

"Kina nani?"

"Wenye shida zao. Mtu aja na kesi ya shamba, na kesi ya punda, aambiwa ngoja. Angoja papa hapa, atazama maua ya ukutani. Mkubwa yuko ndani anywa kahawa. Babako mkubwa alipokuwa akifuata hati ya kiwanja pale ofisini, ilikuwa vivi hivi, ila hapakuwa na michungwa."

Sina ushahidi kwamba walingojea kwenye uwanja huu hasa. Lakini tangu aseme hivyo sikuweza tena kuuona uwanja ule kuwa bustani tu.

Saa tisa magoti yakamshinda. Tukafuta jina, tukaamua kurudi Alhamisi mlango ukifunguliwa. Kosa lilikuwa letu, kwa kwenda saa ambayo dunia nzima imekwenda.

Siku ya nne, Jumatano

Wazo la kwenda Telouet, kwao Pasha, lilikuwa langu, na nilitegemea litakataliwa. Ni kwenye milima, barabara ina makona, na Shangazi hutapika hata akipanda matatu ya Kilifi. Lakini akasema, "Tumeona nyumba ya mjini. Twende tukaone alikotoka."

Tukakodi gari na dereva, Mwamazigh mpole aliyekuwa akizima redio kila adhana inapoanza. Barabara ya Tizi n'Tichka inapanda hadi mita 2,260. Theluji ilikuwa imeshaanza kukaa vileleni. Shangazi hajawahi kuiona kwa karibu. Dereva akasimama, akamchotea kidogo pembeni ya barabara, naye akaishika kwenye kitambaa cha leso kama anayeshika kifaranga. Hakutapika hata mara moja. Mimi ndiye niliyeomba gari lisimame.

Njiani dereva alituonyesha nyumba zenye nyufa. Tetemeko la Septemba 8, 2023 lilikuwa na ukubwa wa 6.8 na liliua karibu watu 3,000, wengi wao katika vijiji vya milima hii. Hakusema mengi. Alisema usiku ule alilala nje na watoto, na usiku uliofuata, na uliofuata.

Telouet ni ngome ya ukoo wa Glaoui, imejengwa kwa udongo na majani makavu, na udongo usipotunzwa hurudi ardhini. Tangu 1956 haina mwenyewe, na tetemeko nalo likaongeza lake. Tuliitazama kwa nje: kuta zimeyeyuka kama sukari kwenye chai, korongo wawili wametua juu ya mnara uliokatika, mbuzi wanakula mlangoni. Dereva anasema ndani kulibaki kumbi chache zenye zellij na mwerezi sawasawa na Marrakech, na dirisha moja la chuma lenye nakshi linalotazama bonde.

Ni hapa utajiri wote ulipoanzia, na ulianzia kwenye sahani ya chakula. Mwaka 1893 Sultani Moulay Hassan alikuwa akivuka milima na jeshi lake, msimu umeharibika, theluji, njaa. Madani, kaka yake Thami, akawapokea na kuwalisha. Sultani akamshukuru kwa kumwachia, pamoja na vitu vingine, mzinga wa Kijerumani, wa Krupp, wa milimita 77. Milimani wakati huo mwenye mzinga kama huo hakuna mwingine. Kilichofuata mtu anaweza kukisia: jirani mmoja baada ya mwingine akagongewa ukuta.

Mwaka ule ule, 1893, wamisionari wa Kifaransa walipanda miche ya kahawa huko Bura, Taita, ya kwanza nchini Kenya. Nalijua hilo kwa kuwa nalifundisha kidato cha pili. Nilimwambia Shangazi tukiwa tumeegemea gari, yeye akila mkate na zeituni.

"Kwa hivyo mzinga na mbuni vyaliingia mwaka mmoja."

"Ndiyo, lakini havihusiani."

"Sikusema vyahusiana. Lakini kahawa sisi twanywa kabla ya hao wamisionari. Ilikuja na majahazi kutoka Yemen. Andika hivyo."

Nimeandika.

Siku ya tano, Alhamisi

Saa nne kasoro dakika ishirini tulikuwa mlangoni. Yule kijana wa baiskeli alitupita, akainua kidole gumba. Mlango ulipofunguliwa Shangazi hakutazama sakafu wala dari, alikwenda moja kwa moja kama anayeijua njia ya kwao. Tukapata meza bila kungoja.

Mkahawa huu ulifunguliwa 2019. Ile 1910 ya mkebeni ni mwaka wa jumba. Ukumbi una dari ya kuchorwa, mimea mirefu ya majani mapana, wahudumu wa makoti meupe wanaotembea bila kusikika. Orodha ya kahawa ni nene kama daftari la mahudhurio. Zote ni Arabika, kutoka kila pembe inayolima, nyingine zimetiwa manukato ya matunda na mambo ambayo Shangazi alinikataza hata kumsomea. Tukachagua ya Sidamo, Ethiopia. Ni jirani, ng'ambo tu ya Moyale, na kahawa yenyewe asili yake ni nchi ile.

Ikaja kwenye birika la dhahabu lenye shingo nyembamba kama ya korongo. Pembeni vikombe vyeupe, krimu iliyopigwa, vumbi la vanila, na vijiti vya sukari iliyoganda kama vioo. Mhudumu akamimina kutoka juu kidogo, uzi mwembamba, bila tone kudondoka. Shangazi akamtazama mkono tu.

"Huyu amefundishwa," akasema kwa sauti ya chini. Kwake hiyo ni sifa kubwa. Babu alikuwa akimimina kutoka kwenye dele huku anasalimiana na watu wa upande wa pili wa barabara.

Kahawa ilikuwa nzuri. Sitazunguka. Nyepesi, ina uchachu kidogo kama ganda la limau, na harufu iliyobaki puani hata kikombe kilipoisha. Bei ya birika lile moja ingelipa kahawa ninayokunywa mwezi mzima pale Kibokoni, Mombasa. Krimu sikuigusa. Shangazi aliigusa, akaila kwa kijiko peke yake, kama halua.

Kikombe cha pili alikunywa taratibu, akitazama mlango.

"Wajua kilichokosekana?"

"Tangawizi."

"La. Watu wapitao. Kahawa hunywewa mtu amekaa barazani, atazama nani apita, nani aenda wapi, nani hajatoka msikitini. Babangu akipita na dele, mwenye kesi na mwenye kuhukumu wote wameketi kwenye saruji moja, kikombe ni kimoja, chasuzwa kwa maji ya ndoo chapewa wa pili. Hapa waingia ndani, wafunga mlango, wajinywea. Hata kikiwa kitamu namna hii, wakinywa umejificha."

Nikamwambia si haki kulilinganisha jumba na kibaraza. Akasema hakulinganisha, nimeuliza nimejibiwa. Nikamkumbusha kwamba sikuuliza. Akanyamaza, akamimina kilichobaki, nusu kwake nusu kwangu.

Kuhusu Ibn Battuta, nilikuwa nimemwekea habari hii mpaka mwisho. Alizaliwa Tangier, kaskazini ya nchi hii hii, mwaka 1304, na mwaka 1331 merikebu yake ikatia nanga Mombasa akielekea Kilwa. Aliandika kwamba misikiti yetu ilikuwa ya mbao iliyojengwa imara, kwamba mlangoni pana kisima watu wanaosha miguu, na kwamba sote tunatembea miguu mitupu.

"Alikaa siku ngapi?"

"Usiku mmoja tu."

"Na baada ya usiku mmoja akaandika?" Akatikisa kichwa. "Sisi tumekaa kwao siku tano, wewe umeandika nini?"

Nikamwonyesha daftari. Akasoma ukurasa wa Jumatatu, akaridhika.

Watu walikuwa wameanza kujaa. Mlangoni foleni ilikuwa imeshafika kwenye michungwa. Nikainua mkono kuomba hesabu, mhudumu hakuniona, ukumbi una kelele zake za chini za vijiko na lugha kumi. Nikainua tena. Shangazi akaniangalia kama anavyowaangalia watoto wasiojua kufunga viatu. Akachukua vikombe vyetu viwili vitupu, akavishika vyote kwa mkono wa kulia, kimoja kiganjani, kingine kati ya vidole, akavigonganisha.

Nimeisikia sauti ile mara elfu utotoni. Huanza mbali, huko kona ya msikiti, kabla hujaona moshi wa makaa: mbili za haraka, moja ya kuvuta, mbili za haraka. Ukumbi mzima uligeuka. Bwana mmoja wa Kifaransa aliacha kijiko hewani. Nikatamani sakafu ipasuke, ingawa sakafu yenyewe ilikuwa nzuri mno kupasuka.

Mhudumu akaja mbio, si kwa hasira, macho yamemtoka kwa udadisi. Akainama kwa Shangazi.

"Naam, mama?" kwa Kiarabu.

Shangazi akaviweka vikombe chini polepole, kila kimoja kwenye kisahani chake.

"Nus-nus," akasema. "Mbili."